Mwavuli Juu ya Farasi

Mwavuli ulishikwa juu ya farasi, na juu ya farasi hapakuwa na mtu. Mama aliukodolea macho mchongo ule mpaka mlinzi wa jumba la makumbusho akatusogelea.

"Geeta, mpandaji yuko wapi?"

Nikamsomea maelezo ukutani: zama zile za kale wachongaji wa Kibuddha hawakumpa Buddha sura. Walichonga alama tu, nyayo, mwavuli, kiti, na kila aliyetazama alijua ni nani.

Nilimleta pale apate kupumua. Mjomba Madhu, kaka yake, alikuwa amemshikia bango tangu Diwali: amfanyie baba ibada ya wafu, roho yake itulie. Baba yangu, Suresh, alitoka nyumbani Unguja siku za mapinduzi kwenda kumjulia hali rafiki, akapotelea huko huko. Tulikimbia bila picha yake hata moja. Miaka kumi na miwili ambayo kwetu Wahindu aliyepotea hungojewa ilikuwa imekwisha pita, na London nzima ilimjua mama kama mke wa mtu.

Kwetu, aliyekufa hutundikwa picha ukutani, akavishwa shada la maua.

"Nimvishe nani?" mama alikuwa akimuuliza mjomba. "Ukuta?"

Na mjomba, pamoja na ukali wake wote, alikuwa akiaga na kwenda zake.

Tukasogea kwenye jiwe la pili. Watu wameinama mbele ya kiti kitupu, mmoja amenyanyua shada. Mama alisimama karibu mno, nikadhani ataligusa. Hakulia. Alisema kwa Kiswahili, lugha aliyozoea kusema na baba ili bibi yangu, mgeni kutoka Kutch, India, asiwaelewe:

"Kumbe hawa nao hawana picha. Na maua yake wanampa."

Niliogopa. Nilikuwa nimechoka kumngoja baba, lakini sikuwa tayari kumzika.

Jumapili, nyumbani Thornton Heath, mama aliweka kiti katikati ya sebule, akakivisha maua kwa mikono yake. Pandit, kuhani wetu, alitaka kuuliza picha iko wapi. Mjomba akamkonyeza aendelee kusoma. Jina la baba likatajwa pamoja na majina ya wafu wetu, na mama akaitikia kwa sauti niliyoisikia vizuri.

Ibada ilipokwisha, mjomba, magoti yakimuuma, akakishika kile kiti akitaka kukaa.

"Hapo pana mtu, kaka," mama alimwambia taratibu.

Mjomba akakiachia, akaketi chini.