Annapurna Hajala

Kila siku saa nne asubuhi nilipakua kwa mpangilio uleule: Baba mkwe kwanza, kisha Mama mkwe, na mwisho mimi, kwa kilichobaki. Kwetu kuonja wakati wa kupika ni mwiko, kwa hiyo hadi saa hiyo tumbo langu lilikuwa limeonja chai tu. Siku hiyo nilikuwa nimeshaukodolea macho ukoko wangu na kipande cha achari ya figili, mara mlango ukafunguliwa kwa kishindo.

"Annapurna! Ongeza sahani mbili!"

Baba, aliyekuwa ameshakula na kutoka, alikuwa amemnasa njiani karani wa posta pamoja na shemeji yake. Alifundisha Kisanskriti, lugha ya vitabu vyetu vitakatifu, miaka thelathini, na tangu astaafu hapiti mtu mbele ya nyumba yetu bila kupewa somo.

Wakaketi. Nikapakua wali na dengu vilivyobaki. Baba akaunyooshea kidole ule mlima mweupe uliojaa mlangoni.

"Anna ni chakula. Purna, kilichojaa. Mungu wetu wa kike, mlima wetu, na mkwe wangu: jina moja!"

"Mlima umejaa theluji tu, mwalimu," karani alisema, akisogeza sahani. "Huyu ndiye kajaa kweli. Niongezee kidogo, dada."

"Theluji ndiyo maji, maji ndiyo mpunga. Kula, unyamaze."

Upawa ukakwangua chini ya sufuria. Ukoko wangu ukaenda kwa shemeji, tena bila hata kutafunwa vizuri.

"Siku moja mungu Shiva alisema chakula ni ndoto tupu," Baba akaendelea. "Mkewe, Annapurna, akakasirika, akatoweka. Dunia nzima ikalala njaa. Shiva akamfuata na bakuli, akaomba, akalishwa."

"Na yeye Annapurna alikula saa ngapi?" shemeji akauliza, akilamba vidole.

Baba akautazama mlima.

"Vitabu... havisemi."

Mama akaiinamisha sufuria ili aone ndani.

"Vitabu vya nini, mzee? Si huyo kasimama hapo? Muulize."

Baba akanigeukia. "Umekula, mwanangu?"

Kwa miezi minane tangu niolewe, jibu langu lilikuwa moja: nimeshiba, Baba. Nikavuta mtandio, nikatazama miguu yangu.

"Bado, Baba. Nina njaa."