Kulia kwa Nani

Darasani wenzake walimwita Shangazi, kwa sababu aliingia chuo cha uuguzi akiwa tayari na watoto wawili na mvi za kuhesabika. Jina hilo halikumsumbua. Kilichomsumbua ni moyo.

Alikuwa ameusoma mpaka macho yakamwuma: vyumba vinne, vali zake, damu inavyoingia na kutoka. Majina yote aliyajua. Lakini jaribio liliporudi, karatasi ilikuwa nyekundu tupu. Kila jina alikuwa ameliandika upande usio wake.

"Hiki ni chumba cha kulia," mkufunzi alimwambia, akigonga mchoro kwa kalamu.

"Mbona kiko kushoto?"

"Kushoto kwako. Kulia kwa mwenye moyo."

"Mwenye moyo yuko wapi?"

Darasa likaangua kicheko. Mkufunzi hakucheka. Alimwambia arudi Ijumaa ajibu kwa mdomo. Akishindwa, hataingia wodini na wenzake.

Alifika nyumbani amenuna, akatupa mkoba kwenye kochi, nusura umpige wifi yake aliyekuwa amejilaza pale akichezea simu, kisha akamsimulia yaliyompata.

"Wifi, moyo wenyewe unao. Utakushindaje?"

"Usinichokoze leo. Hebu simama."

Akamsimamisha mbele yake, akachukua wanja, akamchorea moyo juu ya fulana kuukuu. Alipoanza kuandika "kulia", wifi akamshika mkono.

"Huko ni kushoto kwangu."

Shangazi akafungua kitabu chake. Akamtazama wifi, akatazama kitabu. Mtu wa kitabuni naye alikuwa amemwelekea. Badala ya kufurahi, hasira zikampanda upya.

"Wiki nzima ninakesha, kumbe ni hilo tu? Wangeshindwa nini kusema?"

"Na fulana yangu je?"

Ijumaa aliingia ofisini kwa mkufunzi akijiamini. Alitaja vyumba vyote bila kukwama, kulia kulia, kushoto kushoto.

"Vizuri. Na vena hubeba damu gani?"

"Yenye oksijeni kidogo, inayorudi moyoni."

"Zote?"

"Zote. Ulisema mwenyewe darasani."

"Isipokuwa zinazotoka mapafuni. Hizo huleta damu yenye oksijeni tele."

Shangazi alivuta pumzi ndefu. "Mwalimu, mwili huu hauna hata kanuni moja inayotulia?"

"Ipo. Vena ni mshipa unaopeleka damu moyoni, iwe damu ya namna gani. Ateri huitoa moyoni. Shika hilo." Akaandika alama. "Umefaulu, kwa shida. Wodini utakwenda."

Alishukuru, akatoka. Kwenye ngazi akampigia wifi yake.

"Nimepita."

"Sasa mbona unaongea kama uliyefiwa?"

"Niache kwanza," alisema. Akakata simu, akakaa pale kwenye ngazi akijaribu kufurahi, na furaha ikakataa kuja.