Posa ya Laptop Nyembamba

Jana usiku niliota nimekwenda kuposa laptop. Sikuona ajabu yoyote. Nilikuwa nimevaa gauni langu la kanisani na viatu vinavyonibana, na pembeni yangu walikuwepo mama na Bamkubwa Elifuraha, kaka mkubwa wa marehemu baba, mtu asiyekubali kuharakishwa. Mwoaji nilikuwa mimi. Hakuna aliyehoji.

Niseme kwanza nililala nikiwaza nini. Mimi ni mchoraji wa ramani za nyumba hapa Korogwe, na kwa miaka mingi nimechora nyumba za chini tu: vyumba vitatu, sebule, veranda, basi. Mwezi huu shule moja imenipa kazi ya bweni la ghorofa tatu, kazi niliyoitamani tangu nishike penseli. Laptop yangu ya zamani inachora ghorofa ya chini bila shida, lakini nikianza tu ngazi za kwenda juu, inaganda.

Kimweri, mwenye duka la kompyuta, ameniwekea moja mpya, nyembamba, ya bei ya juu. Sharti ni kwamba nimpe jibu asubuhi, na nimwachie ile ya zamani juu ya fedha zangu zote. Hakunificha kitu. Alinieleza kwamba kumbukumbu yake imechomelewa ndani kiwandani na haiongezwi maisha, na kwamba fedha yangu inafika kwenye ile yenye kumbukumbu ndogo. Itabeba ghorofa mbili, alisema, hiyo ya tatu tumwombe Mungu. Nikalala na hasira.

Basi tukawa njiani kwenda kuposa. Mshenga wetu alikuwa laptop yangu ile ile ya zamani. Bamkubwa alimbeba kwapani, amefunikwa kitenge, na kila alipotaka kusema neno feni yake ilianza kunguruma, hivyo tulijua mapema na kunyamaza.

"Mwanangu Nakijwa," mshenga akaniambia, "leo wewe huna mdomo. Mwoaji akisema mbele ya wakwe ni faini. Nakujua ulivyo mbishi."

Nikamwahidi nitanyamaza. Nikamuuliza kama haimuumi kwenda kumposa atakayechukua nafasi yake mezani. Akajibu kwamba mshenga akiwa kazini haumwi, akimaliza kazi ndipo ataangalia kama anaumwa.

Nyumba ya wakwe ni nyeupe nje na ndani. Haina mlango, lakini tumeshaingia. Tumeketi kwenye meza za kioo, na chini ya kila mmoja wetu kuna kibandiko cha bei. Cha Bamkubwa kimeandikwa kwamba hauzwi tena.

Mjomba wa binti alikuwa bomba la gundi. Alivaa koti la suti, na kifuniko chake alikishika mkononi kwa adabu. Mshenga akanguruma, akasema tumeona ua zuri humu ndani na tumekuja na nia njema. Mjomba akatutazama tu. Ikabidi kitolewe kitu cha kufungua mdomo, kama ilivyo desturi, na kwa kweli mdomo wake ulikuwa umegandamana. Mama akachomoa pini kwenye kilemba chake, akamchokoa hadi ukafunguka.

"Ahsante, mama," mjomba akasema. "Sasa tunaweza kuongea."

Binti akaletwa. Alikuwa mzuri, siwezi kusema uongo. Rangi ya fedha, pembe zake laini, hana alama wala mshono. Moyo ulinienda mbio na nikaona haya mbele ya mshenga wangu, aliyefungwa utepe pembeni. Binti akatusalimia, kisha akageuka ubavu ili amsalimie na Bamkubwa, akapotea. Tukasubiri. Alipogeuka tena tukamwona.

Mjomba alieleza kwamba wembamba ndiyo heshima ya ukoo wao. Bibi yake binti alikuwa mnene kama kamusi, mama yake kama daftari, na mdogo wake anayetarajiwa mwakani hataonekana kabisa, na kwa sababu hiyo bei yake itapanda zaidi. Bamkubwa akauliza mtu aliyemchukua huyo mdogo atajuaje kwamba anaye. Mjomba akajibu kwamba atajua kwa kutoziona fedha zake.

Bamkubwa alilifikiria jibu hilo kwa muda mrefu, akasema limekaa sawa.

Mama alikuja na zawadi: blanketi, sufuria na mbuzi. Mjomba akatuarifu kwamba kila kinachoingia kwa binti hupitia kwenye tundu. Binti ana matundu mawili madogo, yote upande wa kushoto. Blanketi likaingia polepole, kwa kulisukuma. Sufuria ikagoma. Mbuzi akalitazama tundu, halafu akatutazama sisi.

"Kipo kiunganishi cha mbuzi," mjomba akasema. "Kinauzwa peke yake."

Mama akauliza kama na chakula cha binti kinauzwa peke yake. Mjomba akasema ndiyo, chaja haimo, ni kwa ajili ya kutunza mazingira. Mama akakunja mikono. Alisema yeye alipoolewa alikuja na mkeka wake, jembe lake na mto wake, na wala hakuna aliyemwita ghali. Mjomba akakubali kwamba zamani watu walikuwa wanene.

Hapo meza zikawa mabenchi na kuta zikaondoka. Tuko kwenye kiwanja cha ujenzi, juani, kokoto zimetuzunguka, na nyumba ya wakwe imesimama mbele yetu, nyeupe, kimo cha miti. Mjomba ameketi juu ya mfuko wa saruji. Anataja mahari.

Binti alikuwa anatolewa na kumbukumbu nane. Mshenga akaomba kumi na sita, kwa sababu mwoaji ana ghorofa tatu za kubeba. Mjomba akasema hapo mahari inakuwa mbili. Mshenga akahoji inakuwaje kitu kidogo vile kiwe sawa na binti mzima mwingine. Mjomba akasema binti mwingine mzima hawatuuzii, kwa hiyo hatuwezi kulinganisha.

Feni ya mshenga ikaongeza kasi. Alieleza, kwa upole tu, kwamba yeye alitoka kwao na mbili. Baadaye akawekwa nne, baadaye tena nane, na yote hayo yalifanyika barazani, chai ikiwa haijapoa, bila kuita wazee wa pande zote.

"Ulifunguliwa?" mjomba akauliza, na nyuma yake shangazi wote wa binti wakaziba masikio.

"Kwa skrubu," mshenga akasema. "Ninazo mpaka leo, ukiacha moja."

Wakaona aibu, na aibu ile walimrushia yeye. Walimtazama mshenga wangu kama mtu aliyetaja choo wakati wa kula. Nilikasirika. Nikasahau ahadi yangu.

"Mjomba, mimi nikipata baadaye, naweza kumwongezea?"

Kila mtu akageuka. Mwoaji amesema. Mjomba akainua kidole, na kutoka juu ikashuka kreti ya soda, ikatua miguuni pangu. Hiyo ndiyo faini, na ni ya kwangu kuilipa.

"Mwakani je?"

Ikashuka nyingine, ikakaa juu kidogo ya ile ya kwanza.

"Nikija na fundi wangu mwenyewe?"

Zikashuka mbili, moja yangu na moja ya fundi. Mama ananivuta gauni. Ananiambia kwa sauti ya chini kwamba ninamwaibisha, na najua kwamba ninamwaibisha, lakini siwezi kuacha. Ninaona wazi kwamba kunyamaza kutanigharimu kuliko soda. Nitaishi na huyu binti miaka, kila nikifika ghorofa ya pili nitasimama, nitazoea, halafu nitasema mimi ni mtu wa nyumba za chini. Hilo linanitisha kuliko mjomba.

Nikauliza tena. Nikauliza betri ikichoka nani ataibadilisha. Nikauliza kwa nini amegundishwa. Kila swali kreti, na makreti yale hayakurundikana ovyo, yalijipanga moja juu ya nyingine, kila moja mbele kidogo ya mwenzake. Nilipoangalia vizuri nikaona ni ngazi. Vipimo vyake vilikuwa sahihi, nisingeweza kuchora bora zaidi. Nikavua viatu vinavyonibana, nikaanza kupanda, na kila nilipokosa pa kukanyaga niliuliza swali jingine.

Nikafika juu ya paa la wakwe.

Lazima nieleze jambo moja. Kwetu mtu akijenga, hata kama fedha yake ni ya vyumba viwili, huacha nondo zimesimama juu ya paa kwa ajili ya ghorofa itakayokuja. Nondo za nyumba ya Bamkubwa Elifuraha zimesimama tangu mimi nikiwa darasa la pili. Zimeota kutu, kunguru wanatua juu yake, mama anaanikia nguo zake pale, na ghorofa haijaja. Hakuna anayemcheka. Hajasema amemaliza.

Paa la wakwe lilikuwa tambarare, laini, limeng'aa kama sahani iliyolambwa. Nikalizunguka lote. Nikainama ukingoni.

"Mjomba," nikaita, "nondo zenu ziko wapi?"

Hata feni ya mshenga ikazima.

"Sisi tukimaliza, tumemaliza," mjomba akajibu kutoka chini.

"Nani kawaambia mmemaliza?"

Safari hii halikushuka kreti. Mjomba akasimama, akavaa kifuniko chake, akakivua tena, akasema posa imefika mwisho. Nimchukue binti na nane zake, kama alivyo, na mshenga abaki pale. Jibu ni sasa hivi. Vijana wawili waliovaa fulana za duka wakamtoa mshenga wangu kwapani kwa Bamkubwa, wakamweka kwenye mizani. Mmoja akasoma uzito kwa sauti, mwingine akacheka.

Mshenga akanguruma kidogo. "Kubali tu, mwanangu," akasema. "Una kazi ya watu mkononi. Mimi nilishachoka, ni vile tu ulikuwa hutaki kuniambia."

Ilikuwa kweli amechoka, na ilikuwa kweli nina kazi ya watu. Ningeweza kulia pale juu na hakuna ambaye angenilaumu. Lakini sikuwa nimepanda makreti yote yale nije kulia.

"Ghorofa tatu nazitaka," nikasema. "Mshenga wangu simwachi. Na binti namtaka pia, ila namtaka anayefunguka."

"Huyo hayupo," mjomba akasema.

"Nipo," ikasema sauti karibu yangu.

Sikumwona mtu. Nikangoja ageuke. Alipogeuka alikuwa binti, amesimama pamoja nami juu ya paa, na sijui alipandaje.

"Nipo," akarudia. "Wanauliza bei, wanauliza rangi. Hili la kuongezeka hakuna aliyewahi kuniuliza."

Akalala kifudifudi. Ninaona mgongo wake wa fedha, na kwenye pembe zake nne kitu kinasukuma kutoka ndani. Bati linavimba kidogo, linapasuka, na zinatoka nondo, nyembamba kama sindano za kushonea, nne, zimesimama wima. Binti anavuta pumzi ndefu, kisha anasema kuna hewa nzuri huku juu.

Mjomba alipanda ngazi mbiombio, koti likipepea. Chini, mshenga aliona. Akiwa bado kwenye mizani, akageuza feni yake juu na kupuliza joto lote alilokuwa nalo, joto la miaka yote tuliyofanya kazi pamoja. Mjomba akaanza kulainika magotini. Aliendelea kuzungumzia heshima ya ukoo hadi alipofika kiunoni. Alipobaki kifuniko tu alisema waranti imekwisha.

Nikaamka. Simu ilikuwa inaita.

"Dada Nakijwa, za asubuhi," ilikuwa sauti ya Kimweri. "Samahani sana. Ile mashine yako nimeitoa kwenye boksi sasa hivi niifute vumbi kabla hujafika. Sielewi. Boksi lilikuwa na lakiri yake, sijaligusa mimi wala mtu mwingine."

Nikamuuliza ina nini.

"Ina vitundu vinne mgongoni, kila pembe kimoja. Vidogo, lakini bati limetokeza nje, kama vimetobolewa kutoka ndani. Siwezi kukuuzia kitu cha hivi kwa bei ile. Nikipunguza, fedha zako zitatosha, nadhani hata hutahitaji kuniachia ile ya zamani. Au nikutafutie nyingine?"

Nikakaa kitandani. Nikamwomba achukue bisibisi na skrubu ndogo, ajaribu kwenye kitundu kimoja. Akacheka, akaona sicheki. Akasema ngoja. Nikasikia droo ikivutwa, halafu chuma kikizunguka, taratibu.

"Inaingia, dada," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeketi chini ghafla. "Inaingia na inakaza. Nimeizungusha kurudi, na mfuniko wote umeinuka. Humu ndani kuna nafasi ya kuongeza kumbukumbu."

"Usiufunge," nikamwambia. "Nakuja. Na ile ya zamani siji nayo."