Mkono wa Wifi

Mtu yule aliingia kwa dobi saa tisa kasoro robo, siku ya Jumanne, na hakuna aliyewahi kumwona kabla ya hapo. Alikuwa mrefu, viatu vinang'aa, na mkononi alibeba mfuko wa plastiki. Alitoa humo koti la kitani, akalitandaza juu ya kaunta. Lilikuwa limekunjamana kama karatasi iliyotupwa kisha ikaokotwa.

"Nalihitaji saa kumi," alisema.

Mpiga pasi, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Mistari kwa jinsi alivyonyoosha suruali, alikuwa ameshika pasi yake, na pasi ilikuwa baridi. Umeme ulikuwa umekatika tangu saa sita.

"Baba, umeme hamna. Kitani bila moto utakibembeleza mpaka uchoke. Njoo kesho."

"Kesho sitakuwa na mahali pa kulivaa."

Pembeni alikaa wifi yake Bi Mistari, mke wa mdogo wake, akishona namba kwenye kola za wateja. Aliona koti limekaribia kapu la nguo mbichi, akainuka kulisogeza. Ilikuwa saa yake ya moto, joto la ghafla lililompanda mwilini. Shingo ilikuwa imelowa, uso umeiva, na kanga aliyojifutia jasho ilikuwa nzito kama iliyotoka kwenye beseni. Aliweka kiganja mgongoni mwa koti, akalisukuma. Pale kiganja kilipopita, kitani kililala kimya, kimenyooka, na mvuke mwembamba ukapanda.

Mgeni alikitazama kipande kile.

"Na kola?" aliuliza.

"Kola nayo," alisema Wifi, akaipitisha kati ya vidole viwili.

Mfuaji alichungulia kutoka chumba cha mashine. "Wifi, ukimaliza hapo nina shuka zangu nne."

Mgeni alivaa koti lake, akashukuru, akatoka, na hakuonekana tena. Bi Mistari alibaki amesimama na pasi yake mkononi. Umeme uliporudi saa kumi na moja, hakuna aliyeona.

Bi Mistari alikuwa amepiga pasi mahali hapo miaka kumi na tisa. Hakuwa ameunguza hata leso. Wifi alikuwa na miezi mitano tu pale, na ni Bi Mistari mwenyewe aliyemwombea kazi kwa Bosi. Mwaka uliopita Wifi alikatwa titi la kushoto, akachomwa mionzi, kisha akapewa kidonge cha kumeza kila siku kwa miaka mitano, ili ugonjwa usipate chakula na usirudi. Kidonge kilifanya kazi yake, lakini hakikukaa mwilini bure. Kilileta moto mara nane kwa siku. Kilimnyima usingizi. Kilimkausha viungo, hivi kwamba asubuhi alipokunja vidole vililia kama vijiti vikavu, na watu wa chumba cha pili walijua kwamba ameamka. Kilimsahaulisha. Alikuwa akiweka sindano mdomoni na kuitafuta duka zima.

Ndiyo maana siku yake ya kwanza kazini alimpa Bi Mistari kichupa cha dawa.

"Kaa nacho wewe, wifi yangu. Mimi nitasahau hata mahali kilipo. Ikifika saa nne nipe kimoja."

"Kila siku?"

"Kila siku. Miaka imebaki minne na kidogo."

"Unanifanya saa ya ukutani," alisema Bi Mistari, akakitia kichupa kwenye mfuko wa aproni. "Haya, nimekubali."

Ilikuwa ahadi ndogo, na aliitoa huku akinyunyizia shati maji. Tangu hapo, kila saa nne, alileta glasi na kidonge. Jumapili alivuka barabara mpaka nyumbani kwa mdogo wake akavipeleka huko.

Baada ya koti la kitani mambo yalienda haraka. Wateja walianza kusema kwenye kaunta, "Langu lipitishwe mkono wa Wifi." Nguo iliyopita mkono ule ilikaa wiki nzima bila mkunjo, hata mtu akilala nayo. Bosi alizisikiliza saa za moto, akaziandika kwenye kadi, akaibandika ukutani: mashati saa tatu, suruali saa tano, vitambaa vya meza vya hoteli saa tisa. Pasi mbili aliziondoa. Ya tatu, ile ya Bi Mistari, aliiweka stoo. Kisha akang'oa feni, kwa sababu ilipoza kazi, na dirisha lililokuwa nyuma ya Wifi akalipigilia misumari.

"Joto linatoka bure," alieleza.

Wifi alipewa meza kubwa. Bi Mistari alipelekwa kwenye soksi, kutafuta kila moja na mwenzake.

"Bosi, nina miadi ya kliniki Jumatano," Wifi alisema siku moja, kitambaa kikifuka chini ya viganja vyake. "Nesi amesema moto huu una namna ya kupunguzwa. Daktari anataka tuongee."

"Jumatano ni siku ya hoteli, dada yangu. Nenda wiki ijayo."

"Wiki jana ulisema hivyo hivyo."

"Na hoteli nayo wiki jana ilileta vitambaa."

Bi Mistari aliyasikia hayo, na akaona kwamba mtu anaombwa asiache dhahabu yake. Roho ilimuuma. Alijikaza kisabuni, akapanga soksi, lakini jicho lilikwenda lenyewe kwenye meza kubwa. Aliona kola zikilala kwa mguso mmoja, kola ambazo yeye alizipigania dakika tano kwa wanga na maji. Miaka kumi na tisa ya kujua, na hakufua dafu mbele ya mgonjwa anayetokwa na jasho.

"Wifi," alimwambia siku hiyo, "hiyo pua nayo usiiache ikae bure. Itafaa kwenye vifungo."

Wifi alicheka mpaka akajifuta macho. Alidhani ni utani wa mawifi tu, na nusu yake ulikuwa utani.

Kilichomkata maini zaidi kilikuja jioni. Mdogo wake alikuja kumchukua mkewe, na kabla hata ya salamu alikunja gazeti akaanza kumpepea. Alimpepea dukani, akampepea mlangoni, akampepea njia nzima mpaka kwenye kona. Bi Mistari, ambaye mumewe aliondoka bila hata kufunga mlango, hakuwahi kupepewa na mtu. Alikumbuka wodini, jinsi watu walivyojaa kitandani kwa Wifi na kumshika mikono. Yeye alipougua mgongo, mfuaji alimpa panga la kukata sabuni ajikunie. Ilifika mahali akalionea gere hata lile kovu. Alijua ni fikra mbaya. Aliendelea kuifikiri.

Mwezi wa nane Bi Mistari alishikwa na homa, akalala siku tatu. Aliporudi alikuta duka limevurugika. Mkono wa Wifi ulikuwa vuguvugu. Mashati yalitoka yamenyooka nusu, na Bosi alikuwa ametoa pasi stoo akiipuliza vumbi.

"Afadhali umekuja," alisema. "Shika."

Bi Mistari alipiga pasi siku nzima, na siku ile alitembea kama mtu aliyerudishiwa mguu. Lakini saa nne alikuwa ametoa kidonge kama kawaida, cha kwanza tangu homa. Kesho yake moto ulirudi, pasi ikarudi stoo, na yeye akarudi kwenye soksi. Hapo ndipo alipoelewa kwamba ufunguo wa kila kitu uko ndani ya aproni yake.

Wiki nzima alielewa tu, bila kufanya lolote. Jumatatu iliyofuata saa nne ilifika. Bi Mistari aliitazama saa ya ukutani. Saa nne ikapita, na robo yake, na nusu yake. Wifi alikuwa amezama kwenye shuka, hakukumbuka. Ilikuwa kazi nyepesi kuliko zote alizowahi kuzifanya pale.

Jumanne nayo ikapita hivyo. Jumatano mkono ulipoa kabisa, na hoteli ilikuwa imeleta vitambaa. Bosi hakupoteza muda.

"Sikiliza, Bi Mistari. Kama moto umekwisha, pasi ni yako mpaka uzeeke, na meza ni yako. Moto ukirudi, pasi naichukua naipeleka kwa fundi suti ng'ambo ya barabara, ananisumbua kila siku. Na soksi nitazipanga mwenyewe. Sina kazi za watu wawili."

"Nimesikia."

"Unaonaje, moto utarudi?"

"Mimi si daktari," alisema Bi Mistari, akachomeka waya.

Alhamisi Wifi alikuja kazini mapema. Alikuwa ametulia usoni, na alipofika kwenye meza kubwa alinyoosha mikono akakunja vidole vyote kumi. Havikulia.

"Umesikia?" alisema.

"Sijasikia kitu."

"Ndiyo hivyo! Na nimelala, wifi yangu. Siku tatu nalala kama mtoto mchanga. Mume wangu amepepea hewa tu, nikamwambia kalale na wewe." Alivuta kiti akakaa. "Nadhani mwili umeshakizoea kidonge. Na ni wewe. Ningekuwa peke yangu ningeshaacha kumeza siku nyingi, kichwa hiki unakijua. Nikijua uko, siulizi hata kama nimemeza."

Bi Mistari alikuwa katikati ya kitambaa cha hoteli. Aliisimamisha pasi, akachomoa waya, kwa sababu hakuwahi kuunguza nguo ya mtu na hakutaka kuanza leo.

"Hujameza," alisema.

"Bado saa nne haijafika."

"Hujameza tangu Jumatatu."

Wifi alimtazama. "Ulisahau?"

"Sikusahau. Nilikuwa naangalia saa."

Mashine ya kufulia ilizunguka nyuma ya ukuta, ikasimama, ikaanza kuzunguka upande mwingine.

"Kwa sababu ya pasi?" Wifi aliuliza.

"Pasi. Na gazeti."

"Gazeti gani tena?"

"La mdogo wangu. Anavyokupepea."

Bi Mistari alingoja matusi, na alikuwa ameyaandalia mahali. Lakini Wifi alipoanza kulia hakulilia hilo.

"Nililala, wifi," alisema. "Ungejua nilivyolala."

"Najua."

"Hujui. Huwezi kujua. Ungeniacha mpaka Jumapili tu."

"Ningekuacha mpaka Jumapili, Jumapili ningesema mpaka mwisho wa mwezi. Najijua."

Wifi alijifuta kwa ncha ya kanga. Alikaa kidogo akiitazama mikono yake iliyopoa, akaigeuza upande huu na upande huu. Kisha akaunyoosha mmoja.

"Lete," alisema. "Na ukitaka gazeti kamwambie kaka yako mwenyewe, asinitie mimi lawamani."

"Ni mdogo wangu."

"Basi mtume, si ni mdogo!"

Alimeza, akanywa maji yote, akaweka glasi kwenye kitambaa cha hoteli na kuacha duara. Mchana alimpigia nesi simu, akamweleza siku alizozikosa. Nesi alimwambia aendelee kimoja kimoja, asijaribu kuzifidia, na aje Jumatano bila kukosa.

Moto ulirudi Jumamosi saa tano, wakati wa suruali. Bosi alikagua kwa kuweka shati moja chini ya kiganja cha Wifi, akaridhika. Fundi suti alikuja mwenyewe kuchukua pasi, akauzungusha waya wake vizuri, akaondoka nayo kwapani. Bi Mistari alivua aproni, akaikunja mara nne, akaiacha juu ya kapu la soksi. Kichupa alikuwa amekitia mfukoni mwa gauni.

"Pole, mama," Bosi alisema. "Kazi ndivyo zilivyo."

"Lifungue hilo dirisha, angalau."

"Joto litatoka."

Wiki iliyofuata dobi wa mtaa wa juu alisikia kwamba Bi Mistari yuko huru, akamwita. Alikuwa na pasi mpya tatu, meza ndefu, na umeme wa akiba. Alimwonyesha kabati la makoti, na Bi Mistari aliyagusa makoti yale moja moja. Sharti lilikuwa moja tu. Mtu akiingia saa moja hatoki mpaka saa saba, hata kwa dakika tano, maana wateja wake hawakupenda kusubiri.

"Hata saa nne?" Bi Mistari aliuliza.

"Saa nne ndiyo tunakimbizana kabisa."

Bi Mistari alimshukuru, akarudisha koti la mwisho kwenye hanga, akashuka kilima.

Saa nne kasoro dakika mbili aliingia kwa mlango wa wateja. Dukani kulikuwa na joto la tanuri, dirisha limefungwa, na Wifi alikuwa amesimama mbele ya vitambaa vya hoteli huku jasho likimdondoka kidevuni. Ilikuwa Jumatano. Kadi ya kliniki ilikuwa imebanwa chini ya kopo la wanga.

"Bosi amesema wiki ijayo," alisema Wifi.

Bi Mistari alikitazama kitambaa kilichokuwa chini ya mikono ile. Kilikuwa kimenyooka kuliko chochote alichowahi kunyoosha maishani mwake, na roho ikamuuma vilevile, hata kidogo haikupungua. Alijaza glasi maji, akafungua kichupa, akatoa kidonge kimoja.

"Saa nne," alisema.