Mota Isiyosikika

Vinka hakutulia tangu walipong'oa nanga kisiwani Žirje. Alikaa, akainuka, akainama kutazama kioo cha betri, akakaa tena. Asilimia arobaini na moja. Upepo ulikuwa umekufa, matanga yamelala, na kisiwa chao cha Zlarin bado mbali.

Miezi miwili alikuwa amejikunja ndani ya mashua ya babake, aking'oa injini ya dizeli iliyoungua na kufunga mota ya umeme. Gati zima lilimcheka. "Hicho ni chombo au birika la chai?" mzee Frane alimuuliza kila asubuhi. Hata Zorko, babake, alikuwa ameshachoka, na mnunuzi wa mashua angekuja kesho. Baba na binti walipatana hivi: wakienda Žirje na kurudi bila kuvutwa kwa kamba, mnunuzi ataondoka mikono mitupu. Wakivutwa, mashua inauzwa. Na kuvutwa mbele ya gati la Zlarin, jamani, ni fedheha ambayo mtu huzikwa nayo.

Vinka alitega sikio aisikie mota. Kimya. Akasukuma kishikio cha mwendo mbele kidogo. Bado kimya. Akasukuma tena. Asilimia ishirini na tisa.

"Unakimbilia wapi?" aliuliza Zorko, aliyekaa akimtazama usoni.

"Sikimbii, baba! Nataka kujua kama inafanya kazi."

"Mpaka ikupigie kelele ndiyo uamini?" Zorko alisogea, akarudisha kishikio nyuma hadi nusu.

"Unafanya nini? Hatutafika!"

"Kwa fujo yako ndiyo hatutafika. Acha kusikiliza. Tazama povu nyuma yetu. Likiwa jembamba hivi, inafanya kazi na betri haiishi upesi."

"Umejuaje? Mota hii hujaigusa hata siku moja."

Zorko aligusa sikio lake. "Siku ile injini ya dizeli ilipoungua, king'ora kililia. Sikukisikia. Mwaka wa tatu huu siisikii injini, Vinka. Hata wewe nakusikia kwa kutazama mdomo. Nilikuwa naendesha kwa macho tu, na nikaogopa. Heri iuzwe kuliko nikuue."

Vinka aliingiwa na aibu. Ni yeye aliyemwita babake mzembe siku ile, tena watu wote wakisikia. Akampisha kwenye usukani.

Walikata kona ya bandari betri ikiwa asilimia saba. Frane alikuwa ameshawasha boti yake, kamba mkononi, akiwajia mbio.

"Vinka! Shika kamba, usione haya!"

"Kavute mkeo!" alimjibu, na mashua ikampita polepole mpaka ikagusa gati. Watu waliokuwa wamesimama hapo hawakuwa na la kucheka.

Vinka alimgeukia babake ili auone mdomo wake. "Kesho mnunuzi akipiga simu kabla ya kuja, utamwambia nini?"

"Ongea naye wewe," alisema Zorko, kwa sauti iliyofika mpaka meza ya mwisho ya mkahawa wa gatini. "Mimi ni kiziwi."