Nyuma ya Bendera ya Mayo

...Kaunti yenu ni Mayo, sivyo? Bernie kamwuliza na kalamu keshaiinua, karatasi za mtangazaji amezibana kifuani zisipeperuke, na Nuala ana mti mmoja wa bendera mikononi, upepo wa baharini unaivuta bendera kama ndama asiyetaka kamba, angejibu mara moja, neno lenyewe fupi, nyumbani kwao wamelitamka tangu yeye hajaota meno, lakini ile barua imo mfukoni mwa koti, imekuja jana kutoka kwa paroko wa ng'ambo, kule walikotoka wazee, na kosa ni lake mwenyewe, nani alimtuma aandike, eti apate tarehe ya ubatizo wa baba ya kusomwa kwenye kipaza sauti baba akipita mbele ya jukwaa na utepe wake wa mkuu wa gwaride, na paroko wa watu kajibu kwa mwandiko wa kupendeza kwamba baba, Keaveny huyo, alibatizwa Roscommon, kaunti nyingine kabisa, na baba yake Roscommon, na babu yake Roscommon, Mayo hawakulala hata usiku mmoja... "Nuala, shoga, zumari zikianza sitasikia kitu," sekunde moja, Bernie, sekunde moja tu, na zumari za mfuko kule nyuma zinajaribiwa, zinalia kila moja na lake, harufu ya kabichi na nyama ya chumvi inatoka kwenye mahema ya barabara ya ufukweni, kila Machi, kila gwaride la kaunti za wazee, harufu ileile, na ukweli usemwe, anaipenda siku hii kuliko Krismasi, na baba yupo hapo mbele, hatua tatu, miaka themanini na minne na mgongo umenyooka, viatu amevipiga rangi mwenyewe, miaka sitini anatembea nyuma ya bendera hii, ametukanwa kwa ajili ya Mayo, amelia kwa ajili ya timu ya Mayo, sasa amwambie leo, leo hii, au amwache asomewe uongo mbele ya mji mzima, mji ambao mtu akikosea kaunti ya bibi yake anataniwa mpaka kaburini... mama ndiye wa Mayo, hilo halina ubishi, bendera hii ya miti miwili ni kazi ya mkono wake, alipenda kusimulia akimenya viazi, siku ya gwaride, mti wa pili hauna mshikaji, akatokea kijana mwembamba, hapa pana mtu? mama akasema hapa ni pa watu wa Mayo tu, kijana akaukamata mti, akasema, basi umempata mmoja, mama akacheka, hakumwuliza zaidi, angemwuliza nini mtu mwenye macho kama yale... "Pisheni, pisheni, Roscommon tunapita!" ni mzee Fintan na wenzake wawili na bendera yao na mbwa wao mwenye utepe wa kijani, ndio Roscommon yote hiyo, kila mwaka wanachelewa, kila mwaka wanapita hapa kwenda mahali pao nyuma, na Fintan haachi, "Mayo! Mmefungwa fainali tena? Hamchoki?" na baba papo hapo, "Fainali unaijua wewe? Si unaitazama kwenye televisheni tu!" watu wote kicheko, hata mbwa anabweka, na katikati ya kicheko mkono wa baba unapanda, kofia inatoka kichwani, inatua kifuani, kama kila mwaka, mama alikuwa akimtania, unamwamkia nani, mzee, mbwa? naye jibu lake lilelile, kichwa kinawasha... kichwa kinawasha, siku moja kwa mwaka, ikipita bendera moja, ya Mayo hakiwashi, ya Galway hakiwashi... ee Mungu wangu, anajua, amejua siku zote, mkataa kwao ni mtumwa, lakini huyu hakukataa kwao hata siku moja, aliuomba mti wa pili kwa sababu wa kwanza ulikuwa mikononi mwa mama, akabaki, na mama amelala kaburini mwaka wa sita sasa na yeye bado yupo mahali alipojiombea, na Nuala anajikuta anacheka, machozi yanamtoka na anacheka, kifua chepesi, barua na ikae mfukoni ilale... "Nuala! Mayo au si Mayo?" "Mayo, Bernie. Andika Mayo, tena kwa herufi kubwa," na mti ameuegemeza begani ili apate mkono mmoja, kofia yake ya sufu ameivua, ameiweka kifuani, bendera ya Roscommon inapita imepinda upande mmoja, na baba kageuka, "Wewe, vaa kofia, utashikwa na mafua na upepo huu!" "Kichwa kinawasha, baba," na mzee akamtazama, akaitazama bendera inayopita, akageukia mbele, na zumari bado zilikuwa zinajaribiwa.