Moshi wa Kerrow

Kikohozi cha Kerrow kilikuwa kikifika shambani kabla ya Kerrow. Mwenyewe yungali kwenye mteremko wa kushukia mtoni, jembe kalilaza mabegani kama fimbo ya kuchungia ngamia, na kikohozi kimeshatangulia, kimetimua tumbili kwenye mahindi na kumfanya mamba mmoja mzee ahamie ng'ambo ya pili ya Tana kutafuta utulivu. Viboko walikizoea. Kerrow akikohoa mara tatu, mmoja wao alimjibu majini mara tatu, kama wazee wanaoulizana habari za mvua. Asiyeamini na awaulize viboko.

Rahmo, mkewe, hakuwa na kicheko nacho. Mwezi wa tatu sasa alikuwa akikisikia, na kila asubuhi kilitokea chini zaidi kifuani, kama ndoo inayoteremshwa kisimani.

Dawa? Alimpa zote. Alimchemshia manemane, Kerrow akayanywa mpaka mbu waliomuuma wakaruka wakinukia kama masheikh siku ya Idi. Alimlambisha asali na habasoda. Alimyeyushia mafuta ya mkia wa kondoo. Alimwita mzee mmoja wa kutoka Wajir, akamchoma kifuani kwa kijiti cha moto, alama tatu huku na tatu huku, na Kerrow akasema sasa amepigwa chapa, hata akipotea atarudishwa kwa mwenyewe.

Kikohozi kikabaki. Na Rahmo alijua kwa nini. Hilo ndilo lililomtafuna.

Mwaka uliotangulia walikuwa bado wafugaji, mbele ya mji wa Modogashe, na ngamia sitini. Kisha vita vya serikali na waasi vikawafikia. Ngamia wengine walipigwa risasi, wengine walisombwa, na watu wakaletwa Garissa, kwenye kijiji kilichozungushiwa seng'enge. Lango lilifunguliwa jua likichomoza na kufungwa kabla halijazama, na mwenye pasi ndiye aliyetoka. Binamu yake Rahmo, aliyeolewa na mkulima wa mtoni, aliwakatia kishamba: mahindi kidogo, na migomba thelathini.

Mwezi wa kwanza Kerrow aliketi akiutazama ua wa waya. Hakula vizuri, hakusema. Mtu aliyekuwa akichekesha hata ngamia mwenye uchungu wa kuzaa! Rahmo alikwenda kulima peke yake, jembe linamtoa malengelenge, huku akiogopa kurudi nyumbani kwenye ule ukimya.

Siku moja Kerrow akamfuata shambani. Akaitazama migomba, majani yamejaa inzi.

"Nani amewaacha hawa na inzi namna hii?" akauliza.

Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa siku ishirini. Basi akakusanya samadi kavu, akaifunika kwa majani mabichi, akawasha moshi mzito, kama wawashavyo wafugaji kambini majira ya mvua ili inzi wasiwanyonye ngamia. Wakulima wa jirani walicheka mpaka wakakalia majembe yao. Moshi kwa migomba! Lakini Kerrow aliketi katikati ya moshi ule, akaipa migomba majina ya ngamia wake. Huyu Dero, huyu Goroyo. Mgomba uliokwisha kuzaa alikataa usikatwe. "Mama mwenye mtoto ubavuni huchinjwa wapi?" Na jioni hiyo alikula sahani nzima ya ugali, akamsimulia Rahmo jinsi baba yake alivyomtongoza mama yake kwa wimbo wa kisimani.

Kesho yake Rahmo mwenyewe ndiye aliyeokota samadi. Na kila siku baada ya hapo. Wiki ya pili kikohozi kikaanza.

Alhamisi moja walipopanga foleni langoni, walimkuta Alio, dresa wa zahanati, amesimama pembeni ya koplo wa lango, daftari mkononi. Ilikuwa imetoka amri: wenye vikohozi vya muda mrefu waandikwe.

Kerrow akafunga mdomo. Akavimba mashavu, macho yakamtoka, shingo ikawa kama ya mbuni. Kikamshinda, kikapasuka. Papo hapo Rahmo naye akakohoa kwa nguvu, juu ya kile cha mumewe, kama mtu anayetupa shuka juu ya kitu cha kuficha. Fatumo, jirani yao mwenye mbuzi, akaelewa, akakohoa. Aliye nyuma ya Fatumo akakohoa. Foleni nzima ikashika, wanawake, wazee, hata punda wa maji, na mwisho wake koplo mwenyewe akainama akikohoa huku kashikilia kofia.

"Nyinyi mmemeza nini leo?" akafoka alipopata pumzi.

Alio hakuweza kujizuia kucheka. Lakini alimvuta Rahmo kando.

"Habo," akasema, maana alimheshimu kama mama yake mdogo, "kikohozi chako kimezaliwa sasa hivi. Cha ami yangu, adeer Kerrow, kina meno. Jumatatu baada ya wiki tatu lori linaondoka na wagonjwa wa kifua, kwenda hospitali kubwa huko bara. Nitamsikiliza asubuhi hiyo. Kikiwa bado kimo, nitamwandika. Siwezi kudanganya juu ya kifua cha mtu."

"Watakaa huko siku ngapi?"

"Miezi. Wengine mwaka."

"Na mke hupanda lori hilo?"

Alio akatazama daftari lake. "Mgonjwa peke yake, habo."

Shambani, Kerrow aliegemeza jembe kwenye mgomba. "Haya, Rahmo, samadi iko wapi? Dero anapiga mkia."

Rahmo akaketi chini.

"Leo siokoti."

"Umechoka?"

"Moshi ndio unaokukohoza, Kerrow. Nimejua tangu mwanzo, na mimi ndiye ninayekuletea." Akamwonyesha viganja. "Nimekuua kwa mikono yangu."

Kerrow akachuchumaa mbele yake. Akakohoa kwanza, kiboko akajibu, kisha akasema polepole, "Wewe mwanamke, unadhani mimi ni mbuzi? Mtu anakohoa kila akiketi kwenye moshi, hajui? Nilijua kabla yako."

"Mbona hukuacha?"

"Nikiwa ndani yake nikifumba macho, wako wote. Sitini. Namsikia hata yule kilema." Akang'oa unyasi, akauzungusha kidoleni. "Na wewe, mbona hukusema?"

"Ukiwa ndani yake ulikuwa unasema nami."

Wakakaa hapo, inzi wakila migomba wapendavyo. Kisha Kerrow, kwa mazoea tu ya mikono, akaenda akaokota samadi mwenyewe, akawasha. Rahmo hakumzuia. Alitazama moshi ukimmeza, akafikiri njia nzima ya kurudi.

Kesho yake alikuja shambani amebeba dhiil, kile chombo chake cha maziwa alichokisuka mwenyewe kwa nyuzi za mizizi alipokuwa mwari. Tangu ngamia waishe kilining'inia ukutani, kimekauka, kimegeuka nyumba ya buibui. Usiku kucha alikuwa amekiloweka. Mkono wa pili ulikuwa na kibuyu cha maziwa ya mbuzi wa Fatumo, yaliyobadilishwa kwa kichane cha ndizi.

Kerrow alikuwa tayari motoni, anapuliza. Rahmo akachota kaa moja la mti wa nyikani, akalitumbukiza ndani ya dhiil, akafunika, akatikisa. Akafunua, akalitupa, akatia jingine. Ndivyo mama yake alivyofukiza vyombo, na bibi yake, ili maziwa ya ngamia yanukie moshi. Kisha akamimina maziwa, akamsogezea.

Kerrow akanusa kabla ya kunywa. Akanywa, akafumba macho, akanywa tena, na povu likabaki kwenye ndevu.

"Haya ni ya mbuzi," akasema.

"Ndiyo."

"Basi mbuzi huyu alilelewa na ngamia."

Alipomaliza, akamrudishia Rahmo dhiil. Kisha akainuka, akateka maji ya mfereji kwa kofia yake, akayamwaga juu ya moto. Mvuke ukapanda, ukatawanyika. "Dero atanisamehe," akasema. "Ana ngozi ngumu."

Tangu siku hiyo Rahmo alifukiza maziwa kila asubuhi, na Kerrow akawa anaunywa moshi badala ya kuuvuta. Na kila aliponywa, alisimulia.

Jumatatu ile, lori likinguruma nje ya lango, Alio akamwekea kipimo kifuani. "Vuta pumzi, adeer. Tena. Tena." Foleni nzima ikazuia pumzi, punda hakutikisa sikio. Alio akasikiliza mbele, akasikiliza mgongoni, kisha akafunga daftari.

"Kifua kimekwaruzwa, lakini kinapona. Nenda kalime."

Koplo akamkodolea Rahmo macho. "Na wewe, mama? Kikohozi chako kiko wapi?"

"Kilikuwa cha kuazima, afande. Nimekirudisha."

Wakateremka mtoni. Kiboko alipowasikia akatokeza masikio, akakohoa mara tatu, akangoja. Kerrow akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Kiboko akaita tena, safari hii kwa unyonge.

Rahmo akaona ni aibu salamu kukosa jibu. Akaweka dhiil chini, akashika kiuno, akamkoholea mara tatu.